Msiba Hauchangishwi kwa Kadi ya Harusi

Mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, Kasulu. Daftari lake la kaunta lilikuwa na safu tatu: jina, mwezi, sahihi. Kila kaya ililipa kiasi kilekile, ya mwenye duka na ya mwenye tenga la nyanya, mwaka wa mavuno na mwaka wa ukame. Aliyeruka miezi mitatu alisomwa jina kikaoni naye amekaa palepale. Ndiyo maana msiba ulipotokea hakuna aliyepita mlango kwa mlango akiomba. Sanda ilikuwa kabatini, turubai na masufuria yalikuwa stoo, na waombolezaji walikula ugali kabla jua halijazama.

Mtaa uleule ulikuwa na kamati za harusi. Huko mambo yalikwenda kwa kadi za mchango, ahadi, na watu wa kukumbusha ahadi. Aliyetoa kingi alikaa meza ya mbele. Aliyeahidi asitoe alinung'unikiwa siku mbili tatu, yakaisha. Hapakuwa na ubaya katika hilo, kwa sababu harusi ikipungukiwa, ukumbi utakuwa mdogo na wali utakuwa na nyama chache, lakini bwana na bibi harusi watalala salama.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaona kwamba dunia hulisha wakimbizi na watu wa njaa kwa utaratibu wa harusi. Ni msiba kabisa, maiti zipo, lakini fedha zake zinatafutwa kwa kadi. Hoja yangu leo ni moja: serikali zote, tajiri na maskini, zetu zikiwamo, zinapaswa kuyachangia mashirika ya kimataifa ya misaada ya dharura kwa utaratibu wa chama cha kuzikana. Kiwango kijulikane, kilipwe kabla ya kifo, na mtoaji asipewe nafasi ya kuchagua nani avishwe sanda.

Katika wilaya yetu hiyohiyo ya Kasulu iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Tulikua tukiyaona malori yakipita na magunia meupe yenye maandishi kwamba chakula hiki kimetoka kwa watu wa Marekani. Magunia hayo yalipokwisha unga yaligeuka mikeka, mapazia ya bafu na mifuko ya mkaa sokoni. Hatukujiuliza kungetokea nini siku malori hayo yasipopita. Katikati ya mwaka 2023 tulipata jibu la kwanza, pale WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lilipopunguza mgao wa wakimbizi nchini Tanzania hadi nusu. Mgao kamili umewekwa kwa hesabu ya kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kiasi cha kumweka mtu hai na timamu. Hakuna ziada ndani yake ya kupunguza.

Jibu la pili lilikuja kwa kishindo. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Wiki moja baadaye mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari ukafuata Bukavu. Maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, wengi wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke, katika majuma yaleyale ambayo mashirika ya misaada yalikuwa yakipokea barua za kusitishiwa mikataba. Mwezi Machi Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa. Tarehe 1 Julai shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1961 enzi za Rais John F. Kennedy, lilifunga milango na mabaki yake yakahamishiwa wizarani.

Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Leo, pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei, ina watu wapatao laki tatu. Tangu mwaka 2015 sehemu ya mgao wao ilikuwa ikitumwa kwa simu kupitia mpango uitwao Bamba Chakula, na maduka ya kambi yakakua kwa fedha hizo: mama anakopa mchele kwa mwenye duka, mwenye duka anasubiri ujumbe uingie kwenye simu. Mwaka 2025 mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kinachotakiwa, na fedha za simu zikakatwa. Ukipiga hesabu kwa kalori zile 2,100, hazifiki 600. Mkopo wa dukani nao ulikufa, kwa sababu hakuna anayemkopesha mtu ambaye simu yake haitalia. Watu wa Kakuma waliandamana wakiwa na sufuria tupu mikononi.

Wakati huohuo, kwenye ghala moja la Dubai, karibu tani 500 za biskuti zenye lishe, zilizonunuliwa kwa fedha za walipa kodi wa Marekani kwa ajili ya watoto wenye njaa, zilikuwa zikisubiri mtu mwenye mamlaka ya kusaini zipakiwe. Idhini hiyo haikuja kwa wakati. Julai 2025 muda wa biskuti hizo ukapita, nazo zikapelekwa kuteketezwa. Chakula kilikuwapo na wenye njaa walikuwapo. Kilichokosekana kati yao ni sahihi moja.

Sisemi haya kwa kuwasuta Wamarekani. Kwa miaka mingi wao ndio waliotoa kuliko taifa lolote, na mwaka 2024 karibu nusu ya mapato yote ya WFP yalitoka kwao. Mtu aliyekulisha miaka thelathini hastahili kutukanwa siku anapofunga mlango. Wala hawakuwa peke yao. Uingereza ilikuwa imejiwekea sheria ya kutoa asilimia 0.7 ya pato la taifa, lengo ambalo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka mwaka 1970. Mwaka 2021 ikashuka hadi asilimia 0.5, na Februari 2025 ikatangaza kwamba kufikia mwaka 2027 itashuka hadi 0.3 ili fedha ziende kwenye ulinzi. Nchi nyingine za Ulaya zimefuata njia hiyo. Kwa hiyo tukimlaumu rais mmoja tutakuwa tumeukosa ugonjwa wenyewe, nao ni wa zamani kuliko yeye.

Ugonjwa ni huu. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, liliundwa Desemba 1950, na katiba yake iliruhusu bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa kulipia gharama za utawala tu. Fedha za hema, dawa, maji na chakula zilitakiwa zitoke kwenye michango ya hiari. WFP, lililoanzishwa mwaka 1961, halina hata hicho kidogo, kwani kila senti yake ni ya hiari. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyozaliwa Geneva mwaka 1863 baada ya Henry Dunant kuona majeruhi wa Solferino wakifa bila maji, nayo hutegemea hiari ya serikali kwa sehemu kubwa ya mapato yake. Kila mwaka mashirika haya hutoka na bakuli. Kwa mwaka 2025 Umoja wa Mataifa uliomba zaidi ya dola bilioni 47. Ilipofika Juni, kwa kuona hazitapatikana, ukaandika upya orodha ya walio hoi kabisa na kuomba bilioni 29. Yaani watu walikatwa kwenye orodha, na njaa yao ikabaki palepale.

Sasa linganisha na askari wa kulinda amani. Umoja wa Mataifa unapopeleka kikosi Kongo au Afrika ya Kati, hauzungushi bakuli. Kuna kiwango. Kila nchi mwanachama, kuanzia Marekani hadi visiwa vya Komoro, inajua sehemu yake kwa hesabu ya uwezo wake, na isipolipa inaandikwa kuwa inadaiwa. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema nchi ikifikisha deni la miaka miwili inaweza kunyimwa kura katika Baraza Kuu. Hilo ni daftari la mama yangu, limeandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mimi naona aibu, kama mwanadamu, kwamba tulikubaliana risasi ya askari wa amani ilipiwe kwa lazima na uji wa mtoto aliye nyuma yake ulipiwe kwa hiari.

Najua atakayejibu. Atasema hata michango ya lazima hukawia, na ni kweli. Umoja wa Mataifa unadai, Umoja wa Afrika unadai, na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki imekuwa ikisukuma mwaka hadi mwaka huku baadhi ya wanachama wakiwa hawajalipa. Lakini kuna tofauti kati ya mdaiwa na mtu ambaye hakutoa. Mdaiwa ana jina, ana tarakimu, na ana siku ya kuulizwa. Asiyetoa cha hiari hana deni lolote, na unaweza hata kumshukuru kwa mwaka uliopita. Katika chama cha mama yangu walikuwapo wachelewaji kila mwezi, na bado hakuna marehemu aliyekosa sanda, kwa sababu daftari lilikuwa na kumbukumbu na wenzao walikuwa na haki ya kuwadai.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni wakati. Kadi ya harusi hutolewa watu wakishajua kuna harusi. Fedha za njaa nazo hutoka njaa ikishaonekana kwenye runinga. Mwaka 2011 mvua ziliposhindwa Pembe ya Afrika, tahadhari zilikuwa zimetolewa miezi mingi kabla. Njaa rasmi ilitangazwa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai, na baada ya tangazo hilo ndipo fedha zilipomiminika. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 260,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano, na kwamba karibu nusu ya wote walikuwa wameshazikwa siku tangazo linasomwa. Mwaka 2017 ukame ulirudi kwa ukali unaofanana. Safari hii serikali zilitoa mapema, malori yakaenda kabla ya kamera, na baa la njaa likaepukwa. Nchi ni ileile na mashirika ni yaleyale. Kilichobadilika ni tarehe ya malipo.

Mbegu ya chama cha kuzikana tunayo tayari. Desemba 1991 Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 46/182, lililoweka misingi ya uratibu wa misaada ya dharura na kuanzisha mfuko mkuu wa dharura. Mfuko huo ulipanuliwa mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi na mauaji ya Darfur kuonyesha gharama ya kuchelewa. Unaitwa CERF. Serikali hulipa humo kabla ya janga, na janga linapotokea fedha hutoka kwa saa au siku, bila kuitisha mkutano wa ahadi. Nchi zaidi ya mia, na miongoni mwao zimo zile zilizowahi kusaidiwa na mfuko huo, zimewahi kuweka kitu humo. Dosari yake ni kwamba nao ni wa hiari, na ni mdogo mno kulinganisha na mzigo.

Wanaosema haiwezekani kuubadilisha utaratibu huu wa hiari waangalie Shirika la Afya Duniani. Kwa miaka mingi michango ya lazima ya wanachama ilikuwa imesinyaa hata ikawa haifiki robo ya bajeti yake, na mengine yote yalikuwa fedha za hiari zenye majina ya watoaji. Baada ya fundisho la UVIKO-19, Mei 2022 nchi wanachama zilikubaliana kupandisha michango ya lazima hatua kwa hatua hadi nusu ya bajeti ya msingi. Mei 2025, katikati ya mtikisiko huohuo wa misaada, zikaidhinisha nyongeza nyingine ya asilimia 20. Serikali zetu za Afrika zilikuwamo mezani. Lililofanyika kwa chanjo linaweza kufanyika kwa unga na maharage.

Kuna sababu ya tatu, nayo ni masharti. Mwenye kadi kubwa kwenye harusi huchagua hata muziki. Fedha za hiari za misaada mara nyingi huja zimefungwa kamba: hizi za Ukraine tu, hizi za Syria tu, hizi zisifike eneo lile. Mwaka 2010 WFP lilisimamisha kazi kusini mwa Somalia kwa sababu ya vitisho na madai ya wapiganaji wa Al-Shabaab, na sheria za Marekani dhidi ya ugaidi nazo zilikuwa zimepunguza fedha zilizoingia maeneo hayo. Maeneo hayohayo ndiyo yaliyozika watu wengi mwaka uliofuata. Januari 2024 zaidi ya serikali kumi zilisimamisha fedha za UNRWA, shirika la wakimbizi wa Kipalestina lililoanzishwa mwaka 1949, kwa tuhuma dhidi ya baadhi ya wafanyakazi wake, ilhali watu wa Gaza walikuwa wakilitegemea kwa mkate wa kila siku. Tuhuma nzito huchunguzwa na mkosaji huadhibiwa. Mtoto wa Gaza hakuwa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Wapo walioona hatari hiyo wakachagua kujitenga. Madaktari Wasio na Mipaka, shirika lililozaliwa mwaka 1971 baada ya vita vya Biafra, huishi karibu lote kwa michango ya watu binafsi, na Juni 2016 lilikataa fedha za Umoja wa Ulaya na wanachama wake kupinga makubaliano yao na Uturuki ya kuwazuia wakimbizi. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini kulisha nchi nzima ni kazi ya meli, bandari na maghala, na mzigo wa namna hiyo haubebwi na sadaka za watu binafsi. Unabebwa na kodi. Ndiyo maana dawa ya masharti ni mchango uliowekwa kwa kanuni. Kwenye chama cha kuzikana hakuna mwanachama anayesema sanda iliyonunuliwa kwa fedha yangu asivishwe fulani.

Tuje kwenye wizi, maana msomaji ameshauwaza. Mwaka 2023 iligundulika kwamba chakula cha msaada kilikuwa kikiibwa kwa wingi Ethiopia, na magunia yake yakiuzwa kama bidhaa. Marekani na WFP wakasimamisha ugawaji, kwanza Tigray, halafu nchi nzima, hata kwa wakimbizi waliotoka nje. Miezi ilipita kabla haujarudi. Walioiba walikuwa na akiba, na waliokula njaa ni walewale walioibiwa, wakaadhibiwa mara ya pili. Mimi sitetei mwizi wa chakula cha mwenye njaa. Nadai mkaguzi, nadai kesi, nadai jela. Lakini mweka hazina wa mtaa wetu akiiba, tunamfukuza na kumshtaki, na maiti inazikwa siku hiyohiyo.

Nimesema serikali zote, zetu zikiwamo. Hapa ndipo nataka tuzungumze sisi kwa sisi.

Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Msemo huo ni wa kweli kati ya jirani na jirani, na historia ya eneo hili imejaa ushahidi wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Mwezi Mei 2015 meli kongwe ya MV Liemba ilifanya safari baada ya safari kuwatoa Warundi kutoka kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako kipindupindu kilikuwa kimeingia, na kuwafikisha Kigoma. Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa kuwapokea wakimbizi. Uganda leo inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wamegawiwa viwanja vya kulima. Kenya imeibeba kambi ya Dadaab tangu 1991. Ardhi hiyo, kuni hizo, madarasa hayo na polisi hao ni mchango, tena mkubwa, na haujaandikwa kwenye daftari la mtu yeyote. Tunapaswa kudai uandikwe.

Wala wananchi hawajawahi kukosa moyo. Julai 2011, mwezi uleule wa tangazo la Somalia, Wakenya walianzisha harambee ya kuokoa watu wa kaskazini mwa nchi yao, iliyoitwa Kenyans for Kenya. Walilenga kukusanya shilingi milioni 500 kwa wiki nne, zikiwamo za M-Pesa, na walilivuka lengo hilo.  Mwezi uliofuata Umoja wa Afrika uliitisha mkutano wa ahadi mjini Addis Ababa, na sehemu kubwa sana ya kilichopatikana ilitoka kwa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wananchi waliikimbilia harambee, serikali nyingi zikainama.

Moyo, basi, tunao. Tunachokosa ni safu ya mwezi na sahihi. Kila mwaka, Alhamisi moja ya Juni, mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husimama bungeni kusoma bajeti. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 Tanzania ilisoma shilingi trilioni 56.49. Tukitenga shilingi moja katika kila elfu, ni kama shilingi bilioni 56. Kenya ikifanya hivyo kwa bajeti yake ya shilingi trilioni 4.29, na Uganda kwa yake ya trilioni 72, nchi hizo tatu zitakuwa zimeweka mezani zaidi ya dola milioni 70 kwa mwaka. Hazitalisha dunia. Zitasaidia kuwanunulia wakimbizi wetu wenyewe mahindi ya Songea, Sumbawanga na Masindi; WFP hununua mahindi ya namna hiyo ukanda huu likiwa na fedha, na wakulima wetu hulia soko likiwa halina. Na zitatupa kitu ambacho leo hatuna: haki ya kusimama Geneva na New York na kumwuliza tajiri, mchango wako uko wapi? Anayepokea hisani hawezi kuuliza swali hilo. Mwanachama aliyelipa anaweza.

Njia ya kukusanya nayo si ngeni. Mwaka 2016 mjini Kigali wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kutoza asilimia 0.2 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa ili kuuendesha Umoja wa Afrika wenyewe. Mwaka 2022, mjini Malabo, wakazungumza juu ya chombo cha Afrika cha misaada ya kibinadamu. Tusikiache chombo hicho kizaliwe na bakuli mkononi.

Lakini fedha peke yake hazitoshi, na hapa lawama ni yetu. Tunapenda kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kisha tunamfungia mgeni ndani ya kambi, tunamkataza kutoka bila kibali, tunalifunga soko lake, halafu tunashangaa kwamba mwaka wa ishirini bado anasubiri gunia. Jembe tumelificha sisi. Zamani haikuwa hivyo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Serikali ya Tanzania ilitoa msitu, UNHCR lilitoa fedha, na shirika la Walutheri la TCRS lilichimba visima na kujenga barabara. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, na watu wake walikuwa wakijilisha, wakiuza tumbaku na mahindi, wakilipa kodi. Miongo mitatu baadaye wengi wao walipewa uraia. Hakuna mfano bora zaidi Afrika wa namna serikali na shirika la kimataifa wanavyoweza kufanya kazi hadi shirika likose kazi, na ulitokea kwetu. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango mpana wa Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia wakimbizi, ikisema miongoni mwa sababu zake kwamba fedha zilizoahidiwa hazikuja. Malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini mzigo wa kujitoa huko aliubeba mkimbizi wa kambi ya Nduta, ambaye hakuahidi wala hakuvunja ahadi.

Ugonjwa huu wa michango ya hiari una matokeo mengine ambayo hatuyasemi kwa sauti. Mgao ukishuka chini ya nusu, mtu huanza kutazama njia ya kurudi alikotoka hata kama bunduki bado zinalia. Atapanga foleni ya kujiandikisha kurudi, na karatasi itaandika kwamba amerudi kwa hiari. Serikali iliyokata fedha Washington au London itakuwa imemfukuza bila kumtuma askari, na serikali iliyomhifadhi itakuwa imepumua. Hiari ya mtu mwenye njaa si hiari, na tusikubali kuiita hivyo.

Chama cha mtaa wetu bado kipo. Daftari limebadilishwa mara nyingi, na siku hizi wengine hulipa kwa simu, lakini safu ni zilezile tatu. Mama alipofariki, hatukuchangisha. Majirani walikuja na turubai, masufuria na sanda iliyokuwa imeshalipiwa, sehemu yake kwa fedha aliyoitoa yeye mwenyewe mwezi kwa mwezi. Hakuzikwa kwa hisani ya mtu.

Juni ijayo, waziri wa fedha atakaposimama na mkoba wake, msikilize hadi mwisho. Tafuta mstari unaosema serikali yako imetenga kiasi gani kwa ajili ya wenye njaa na waliokimbia vita. Usipousikia, mwandikie mbunge wako, mwulize kwa nini haupo, na umwulize tena Juni inayofuata.